Siku tisa za makala moja: Mwanza, Ukerewe, Ukara na kurudi Kirumba

Safari ya kurekodi makala kuhusu dagaa wa Ziwa Victoria hupangwa kwa mwezi wa angani kwanza, bajeti baadaye. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki kukiwa na giza. Mbalamwezi ikijaa, mitumbwi mingi hubaki nchi kavu na wavuvi hushona nyavu. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kikosi kikikosea tarehe hulipa chakula na malazi ya wiki nzima bila kuona mtumbwi ukishushwa. Ratiba hii inaanza siku tatu kabla ya mwezi kuandama.

Mada yenyewe ni nzito. Wanawake hununua dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni ambapo mitumbwi hushusha samaki, huwaanika na kuwauza, na kuna madai kwamba baadhi ya wavuvi humtaka mwanamke mwili kabla ya kumuuzia. Upande wa Kenya jambo hili lina jina linalojulikana na kila mtu: jaboya. Makala ya televisheni juu ya jambo kama hili hutayarishwa na watu watatu: mwandishi, mpigapicha na fundi sauti. Mmoja wao lazima awe mwanamke, tena mwenye kazi halisi kikosini. Kikosi kinaondoka siku ya tisa, lakini mama aliyezungumza anabaki pale pale, akinunua kwa wavuvi wale wale. Karibu kila uamuzi hapa chini, hata wa lenzi, unatokana na hilo.

Siku ya 1. Mwanza

Asubuhi ni ya karatasi. Barua ya utambulisho inayotaja mada, majina ya kikosi, tarehe na maeneo ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, na itumwe wiki mbili kabla. Siku ya 1 ni ya kufuatilia, si ya kuomba. Chapisha nakala nane: mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni) kila mmoja atataka yake, na mwaloni hakuna mashine ya kudurufu. Mada iandikwe kweli lakini kwa upana: "maisha na biashara ya wanawake wachakataji wa dagaa". Ukiandika "ngono kwa samaki" kwenye barua inayopita meza sita, kila mtu mwaloni atajua kabla hujashuka kwenye kivuko, na mwanamke wa kwanza kuonekana akizungumza nawe atakuwa ameshahukumiwa. Ukiandika "utalii" umedanganya, na siku ya ukweli kibali chako hakitakutetea.

Droni inahitaji usajili na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na si jambo la kumalizwa kwa siku moja. Kama ruhusa haipo mkononi, iache. Zaidi ya hapo, droni mwaloni hukusanya watoto wote wa kijiji, na faragha uliyoijenga siku tatu huisha kwa dakika kumi.

Mchana ni wa vifaa. Picha ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 128 hubeba karibu saa mbili na dakika hamsini. Kwa siku tisa, tegemea saa kumi na mbili hadi kumi na tano za picha. Diski mbili za terabaiti moja zinatosha, kila moja kwenye mkoba wa mtu tofauti. Wanaotoka Dar es Salaam kwa ndege wabebe betri za lithiamu mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100, ncha zake za umeme zimefunikwa kwa utepe. Kamera iwekwe fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50. Ukiiacha kwenye 30 taa za ndani zitapepesa, na hilo hulioni mpaka ukae mbele ya skrini kubwa.

Nunua pia vitu vya dukani: mifuko ya plastiki mizito, taulo sita, shuka jeupe, turubai, na jaketi okoa moja kwa kila mtu. Usitegemee ya kukodi.

Siku ya 2. Mwanza hadi Nansio

Njia ni mbili. Ya kwanza ni meli kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio, makao makuu ya wilaya kisiwani Ukerewe, zaidi ya saa tatu majini. Ya pili ni barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi kisiwani. Mwenye gari la vifaa huchukua ya pili. Inachosha lakini gari hilo utalihitaji kisiwani kama stoo, chumba cha kubadilishia lenzi na kituo cha kuchajia betri. Ratiba za meli hubadilika, hivyo nenda bandarini ukaulize jana yake.

Ukifika Nansio, halmashauri kwanza, hoteli baadaye. Jioni, pitieni maswali. Swali la "je, unanyanyaswa?" hutoa jibu la ndiyo au hapana, na mara nyingi hapana. "Nieleze siku yako tangu unapoamka mpaka dagaa wafike guniani" hutoa dakika ishirini, na ndani yake mna bei, deni, nani anamsubiri nani ufukweni, na nani hupewa ndoo ya kwanza.

Siku ya 3. Mwaloni, bila kamera

Siku hii huwaudhi wahasibu wa vituo vya televisheni, na ndiyo siku ambayo makala hufa au hupona. Kamera inabaki garini, imefungwa.

Mtendaji na mwenyekiti huonana nanyi asubuhi, kisha BMU. Mara nyingi kiongozi atasema, "nitawaitia akina mama watatu wazuri wa kuongea." Mshukuru, warekodi hao watatu, na usiwategemee. Kiongozi wa mwaloni huenda ni mwenye mitumbwi au jamaa wa mwenye mitumbwi; aliowachagua wanamjua na wanajua kwa nini wamechaguliwa. Wanawake wengine hupatikana kwenye chanja za kuanikia, kwenye mama lishe, na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mwandishi wa kike akae pale, anunue chai, aulize bei. Habari ya wavuvi waitaje wenyewe.

Lugha nayo: Kiswahili kinatosha kwa bei, lakini jambo la aibu husemwa kwa lugha ya nyumbani, iwe Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma. Mkalimani asitoke kijiji hicho hicho. Akitoka hapo, mama anazungumza mbele ya jirani.

Jioni, zunguka ufuo na saa mkononi. Andika jua linatua nyuma ya nini, jenereta iko wapi, msikiti na kanisa viko umbali gani, mitumbwi hushushwa saa ngapi na kurudi saa ngapi.

Siku ya 4. Chanja, jua na kanga

Kuanzia saa 12:30 asubuhi mwanga ni laini kwa takriban saa moja na nusu. Ndani ya muda huo rekodi mitumbwi ikifika, ndoo zikipimwa, mikono ikibadilishana fedha. Mpigapicha akae pembeni na lenzi ya wastani, asijisogeze kati ya muuzaji na mnunuzi, kwa sababu bei ikipandishwa ili kamera ione, mama ndiye anayeilipa.

Tofauti ya mchanga na chanja iko wazi kwa macho, na hapa kamera inafanya kazi ambayo maneno hayawezi. Dagaa waliomwagwa mchangani hubeba changarawe, hushuka bei na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Waliotandazwa juu ya chanja, wavu uliotandwa juu ya miti, hupitiwa na hewa chini na juu na hubaki safi. Jua kali la siku moja hutosha. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza, na mtaji aliokopa mama asubuhi huondoka jioni. Picha tatu tu: vidole vinageuza dagaa, wingu, turubai likikimbizwa. Mtazamaji anaelewa kwa nini mwanamke huyu hawezi kugombana na mvuvi.

Saa sita mchana jua la juu huchimba kivuli chini ya kofia na macho hupotea. Shuka jeupe likitandazwa chini, mbele ya mama, hurudisha mwanga usoni bila kumpofusha. Weka kichujio cha kupunguza mwanga, usipandishe shata, vinginevyo mwendo wa mikono utaonekana umekatika-katika. Na usibadilishe lenzi ufukweni hata mara moja: punje moja ya mchanga ikiingia kwenye kioo cha kihisi, doa litakufuata mpaka Mwanza.

Sasa kanga. Vikosi vingi huficha uso kwa ukungu na kudhani wamemficha mtu. Mwaloni watu hawatambuani kwa uso pekee. Kanga yake inajulikana, hata msemo ulioandikwa chini yake. Mlango wa nyumba unajulikana, na mtumbwi una namba. Kwa hiyo leo fundi sauti aandike orodha: kila picha ya pembeni yenye namba ya mtumbwi, jina dukani au nguo ya mtu aliyekubali kuzungumza kwa siri. Orodha hiyo itakwenda kwa mhariri.

Siku ya 5. Mahojiano

Ridhaa huombwa mara tatu: kabla ya kamera, kamera ikiwaka, na baada ya mahojiano, maana watu huanza kuogopa baada ya kusema. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba makala itaonyeshwa kwenye televisheni, itawekwa YouTube, na vipande vyake vitasambaa WhatsApp ambako hakuna awezaye kuvifuta. Wengi wanaokubali televisheni wanadhani itapita usiku mmoja na kwisha. Mwenye umri chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na yake mwenyewe. Kwa mada hii, hata mzazi akikubali, uso wa mtoto hauonyeshwi. Picha na sauti ya mtu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Fedha isilipwe kwa ushuhuda. Nauli, chakula na hasara ya siku iliyopotea vilipwe kwa kiwango kimoja kwa wote, kiwe kimetajwa kabla, na visitegemee alichokisema.

Chumba: zima friji, na weka funguo za gari ndani yake ili msiondoke bila kuiwasha tena. Chini ya bati, mvua ndogo tu hufuta mahojiano. Hapo hakuna ufundi, subirini. Maiki ya kifuani ifungwe chini ya mtandio kwa utepe, kitambaa kisiisugue, na sauti icheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Maiki ya fimbo irekodi njia ya pili kila wakati. Mahojiano yakiisha, wote wanyamaze dakika moja, na fundi arekodi ukimya wa chumba kile. Bila ukimya huo mhariri hana cha kuziba nacho mishono.

Kwa anayejificha, siri ijengwe pale pale kwenye picha ya awali. Mkalishe na dirisha nyuma yake, punguza mwanga mpaka abaki kivuli, kisha angalia mstari wa pua, sikio na nywele. Kama jirani angemjua kwa umbo hilo, mgeuze au piga picha ya mikono tu. Mvalishe kanga ambayo si yake. Ukungu unaowekwa baadaye una hatari moja kubwa: kadi ya awali yenye uso wazi ipo, na kadi huibwa, hupotea, huazimwa. Sauti iliyozamishwa kwa kompyuta inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Njia salama ni mwanamke mwingine kusoma maneno yake neno kwa neno, na makala iseme hivyo waziwazi. Jina lake halisi lisiandikwe kwenye faili, kadi wala daftari, tumia namba. Simu za kikosi zizimwe huduma ya mahali.

Akijibu, usikimbilie swali linalofuata. Hesabu moyoni hadi tano. Na akilia, mpigapicha asisogeze lenzi karibu. Mwulize kama aendelee, na akisema basi, ni basi.

Siku ya 6. Usiku majini

Mtumbwi wa dagaa una nafasi ndogo na kazi nyingi, hivyo wanapanda wawili tu, mpigapicha na fundi sauti. Mwandishi anabaki nchi kavu akiwa na majina ya waliopanda, namba ya mtumbwi na saa ya kurudi. Jaketi okoa huvaliwa kabla ya kukanyaga mtumbwi.

Nahodha akisema upepo si mzuri, safari imeahirishwa, hata kama kesho kikosi kinaondoka. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dhoruba zake za usiku huja haraka.

Zamani taa ilikuwa karabai. Leo nyingi ni taa za betri na sola. Pima mwanga kwa uso wa mvuvi, uiache taa yenyewe iungue iwe nyeupe. Lenzi ifunguke hadi f/2 au zaidi. Taa za bei rahisi hupepesa. Rekodi sekunde kumi, zitazame, na kama mistari inapita, rekebisha shata kidogo kidogo mpaka itulie. Usiwashe taa ya kamera: utawapofusha wavuvi na kuchezea mwanga unaokusanya samaki. Wadudu watajaa kwenye lenzi, kwa hiyo taulo kavu iwe shingoni. Wavu ukivutwa, kikosi kinakaa upande wa pili ili mtumbwi usilale.

Wavuvi nao wana habari yao. Wengi hawamiliki mtumbwi wala taa; hugawana kilichobaki baada ya mwenye chombo kuchukua fungu lake na kukata mafuta na gharama. Makala isiyosema hili humfanya kijana maskini kuwa shetani pekee wa hadithi, na mwenye mali haonekani kabisa.

Siku ya 7. Ukara

Kutoka Bugolora kivuko huvuka hadi Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka kwenye njia hii, ikikaribia Ukara, na watu 228 walikufa. Kisiwani karibu kila unayezungumza naye alipoteza mtu. Usiulize juu ya kivuko ili tu kupata picha ya huzuni. Kama haihusiani na makala, msalimie mtu, mpe pole akikugusia, uendelee na dagaa. Kilichowaleta huku ni kulinganisha: mwalo mwingine, bei nyingine, utaratibu mwingine wa nani hupewa samaki kwanza. Saa nne za kazi zinatosha, kisha rudini mapema.

Usiku, nakili kadi zote, fungua faili tano bila mpangilio uzisikilize, ndipo ufute kadi. Faili ikionekana kwenye orodha haina maana kwamba inafunguka.

Siku ya 8. Upande wa pili

Wenye mitumbwi, BMU na ofisa uvuvi huhojiwa leo, baada ya wanawake, ili mmoja asipate nafasi ya kuwanyamazisha wengine. Wapewe madai kamili na muda wa kujibu. Ugumu uko kwenye maelezo madogo: "mjane mwenye watoto wanne anayeanika karibu na mti wa mkuyu" ni jina kamili mwaloni hata bila jina. Uliza kuhusu utaratibu: nani anaamua ndoo ya kwanza iende kwa nani? Mwanamke akinyimwa, anakwenda kulalamika wapi? Malalamiko ya mwisho yalishughulikiwaje? Anayekataa kujibu, andika tarehe, saa na njia uliyomtafuta. Hiyo itasomwa kwenye makala.

Kabla ya kuondoka, mwandishi apite kwa kila aliyehojiwa, mikono mitupu, aulize kama bado anakubali. Anayejitoa hutolewa. Hili linauma pale ambapo yeye ndiye ushahidi wenu bora, na bado hutolewa.

Siku ya 9. Mwaloni Kirumba

Rudini na magunia. Soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupokea dagaa na samaki wakavu kutoka sehemu nyingi za ziwa, na kutoka hapo mizigo huvuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Rekodi mizani na bei ya kilo, uiweke kando ya bei ya ndoo mliyoirekodi siku ya 4, mkikumbuka kuwa mbichi hupoteza uzito mkubwa anapokauka. Linganisha kavu kwa kavu. Hesabu hii ichorwe kwenye skrini. Inaonyesha fungu la mama ni kiasi gani, na ndani ya fungu hilo ndimo anapokosa nguvu ya kusema hapana.

Kisha chumba cha uhariri. Mahojiano yote yanakiliwa kwa maandishi pamoja na saa ya picha, na ya Kikerewe hutafsiriwa na watu wawili wasioonana. Wakitofautiana, wa tatu husikiliza. Ndipo sentensi huchaguliwa kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Kwa makala ya dakika 26, sauti ya mwandishi isizidi dakika sita. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini yakae mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mmoja, na kanga, milango na namba za mitumbwi zikaguliwe kwa orodha ile ya siku ya 4.

Waliojificha waonyeshwe sehemu yao kabla ya kurushwa, wakiulizwa jambo moja: je, kuna atakayekujua? Hoja na mpangilio wa makala hubaki kwa mhariri, lakini jibu la swali hilo ni lao.

Baada ya kurushwa, mwandishi hupiga simu asubuhi inayofuata, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Maoni chini ya video husomwa kila siku kwa wiki mbili, na linalotaja jina au mwalo wa mtu hufutwa mara moja. Simu ya mama mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima, kwa hiyo hupigwa saa aliyoichagua mwenyewe siku ya 8, kwa kawaida mchana, dagaa wakiwa wameshaanikwa, na neno la kwanza ni kuuliza bei ya gunia, mpaka yeye aseme yuko peke yake.